Mbegu Niliyoifungia Kufuli

Naikumbuka vizuri ile siku niliyopanda mlima kutoka soko la Maji ya Chai nikiwa na kufuli jipya kwenye kikapu, limefungwa kwa gazeti. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeolewa mwaka mmoja na nusu, na nilikuwa na hasira ambayo haikupungua hata kwa kile kilima kirefu cha kufika nyumbani. Mwanangu, nimepata siku mbaya kuliko hiyo. Nimezika wazazi, nimezika mtoto mmoja, na mwaka huu wakati wa baridi nimemzika mume wangu. Lakini nikikaa peke yangu, na siku hizi nakaa sana peke yangu, siku inayonijia kwanza ni hiyo ya kufuli. Nakusimulia kama ilivyokuwa. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, kwa hiyo usitafute maneno makubwa humu.

Mume wangu aliitwa Yona. Hakuwa Mmeru kama mimi. Alizaliwa nyika ya Simanjiro, kwa watu walioishi kwa asali, mizizi na nyama ya porini. Walikwenda pale chakula kilipo, na kikiisha walihama. Yeye alikuja huku mlimani akiwa kijana, akawa anauza asali kwenye soko la Maji ya Chai, nami nilikuwa nauza ndizi hatua chache kutoka alipokaa. Alinionjesha asali siku nne za soko mfululizo kabla ya kuniuliza jina. Nilipomwambia naitwa Anaeli alilirudia polepole, kama mtu anayejaribu kiatu.

Baba yangu alisita sana. Mwisho akatukatia kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, tukajenga nyumba ya mbao, jiko nje, na stoo ndogo ubavuni.

Usidhani Yona alikuwa mvivu. Aliweza kukaa juu ya mti tangu asubuhi mpaka jua linazama akingoja nyuki watulie. Ila masika yetu ya kwanza, tulipokuwa tunapanda, alisimama na jembe, akatazama punje mkononi, akaniuliza kwa dhati kabisa, "Haya mahindi mazuri tunayazika ya nini, na sisi tuna njaa?"

Nilicheka. Nikaenda kuwasimulia wanawake wenzangu sokoni, nao wakacheka wiki nzima. Sikuona kwamba lilikuwa swali la kweli, na kwamba alistahili kujibiwa.

Kwetu mbegu ilikuwa haiwekwi stoo. Baada ya mavuno unachagua mahindi yaliyo bora, unayafunga kwa maganda yake mawili mawili, unayatundika kwenye mti uliolala juu ya meko, moshi uyakaushe na kufukuza dumuzi. Yakishatundikwa pale si chakula tena. Hata mtoto anayelia kwa njaa hapewi. Mimi nililijua jambo hilo kabla sijajua kuhesabu, na kwa sababu hiyo sikuwahi kumwambia Yona. Kwangu lilikuwa kama kumwambia mtu asikanyage moto.

Januari ya mwaka uliofuata, kiangazi kikali, mama yake akaja kututembelea. Nilimwita Yeyo kama Yona alivyomwita, maana ndivyo mama anavyoitwa kwa Kimaa, lugha ya Wamasai. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alitembea na kijiti chake cha kuchimbia mizizi hata alipokuwa hana pa kuchimba. Kiswahili chake kilikuwa kidogo sana, na Kimaa changu kilikuwa cha sokoni. Tukawa tunaongea kwa mikono na kucheka. Wiki mbili tulikaa vizuri.

Kisha nikaenda sokoni na mkungu wa ndizi. Niliporudi jioni nilikuta uwanja umejaa. Majirani walikuwepo, watoto wao, na wanawake wawili waliokuwa wakipita na kuni, ambao hata sikuwajua. Kila mtu alikuwa na sahani ya makande. Yona alikuwa anapakua. Alinipa sahani akiwa na furaha ambayo sijaiona kwake mara nyingi.

"Anaeli, karibu. Leo watu wameshiba."

Nikatazama jikoni, juu ya meko. Palikuwa na mti na masizi. Yeyo alikuwa ameyashusha mahindi yote, mbegu ya mwaka mzima, akayapika. Aliona chakula kinaning'inia, akaona watoto wa jirani wamekonda, akafanya ambacho mtu yeyote mwema wa kwao angefanya.

Hapo ndipo nilipolitoa lile neno. Ni neno la wafugaji, wanalolitumia kwa mtu asiye na ng'ombe, anayeishi porini kwa kuokota. Majirani zetu Waarusha walilisema na sisi tulilisema, na hakuna aliyelisema kwa heshima. Nilisema, "Wewe na mama yako ni Wadorobo tu. Mnakula mpaka kesho yenu."

Watu wakaacha kutafuna. Yeyo hakuelewa sentensi yangu, lakini neno lile alilielewa, maana lilikuwa limemfuata maisha yake yote. Akaweka sahani chini taratibu. Yona aliendelea kuwapakulia wale wanawake wa kuni, kwa sababu walikuwa bado hawajapata.

Kesho yake nilikwenda kwa mama yangu kuomba mbegu, nikapitia Maji ya Chai, nikanunua kufuli. Nikaingiza stoo kila kitu: mbegu, maharage, unga, hata ndizi mbichi. Ufunguo nikautia uzi na kuuvaa shingoni.

Yona hakuniomba ufunguo hata mara moja. Alikuwa akiingia uwanjani, anautazama mlango wa stoo, kisha anakwenda kukaa kwenye mizinga yake. Nilipika, akala kidogo, kama mgeni. Mama yake alikula kidogo kuliko yeye. Nilijiambia, wacha wajifunze. Asubuhi ya nne Yeyo alichukua kijiti chake, Yona akachukua mfuko wake wa ngozi, wakatoka. Nilidhani anamsindikiza mama yake mpaka barabarani. Mchana nikapika cha watu wawili. Jioni nikapasha moto kile kile. Baada ya siku tatu nikaacha kupika cha watu wawili.

Masika yakaja, nikapanda peke yangu. Nikapalilia peke yangu. Sokoni waliniuliza mume wangu amefuata asali ya wapi isiyoisha, na mmoja, rafiki yangu kabisa, akasema labda amekwenda kuwinda mke mwingine. Nilicheka nao, maana ningefanya nini? Baba yangu hakucheka. Alisema mtu wa porini harudi, na kwamba bado nilikuwa kijana, nisikae kungoja.

Agosti nikavuna, na mwaka ule mahindi yalikubali. Nilijaza stoo mpaka mlango ukawa unagoma. Nikafunga kufuli langu, nikakaa kwenye kigoda, nikatazama nyumba. Chakula kilikuwa cha familia nzima, na mlaji nilikuwa mimi. Mwanangu, nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Wiki hiyo hiyo nikafunga mzigo wa unga na kwenda kumtafuta.

Nilipanda basi, nikapanda lori, na mwisho mwanamke mmoja mfugaji aliyewajua watu wake akanitembeza nusu siku kwenye vumbi na miiba. Nchi ile ni kavu. Mtu wa mlimani akiiona anajiuliza wanaokaa huko wanakula nini. Nilikuta vibanda vitano karibu na kisima, na Yeyo nje ya kimoja. Hakuniuliza nimefuata nini. Kabla sijaketi alikuwa ameshaniwekea mbele kipande cha nyama na asali ndani ya kibuyu. Yona alirudi baadaye, akanisalimia kama vile nilikuwa nimekwenda kuchota maji tu. Huo ukarimu wao uliniuma kuliko kama ningepigwa.

Asubuhi Yeyo alichukua kijiti, akaniashiria nimfuate. Yona akaja nyuma yetu. Alitafuta mmea mmoja unaotambaa, umekauka, mimi nisingeutambua, akaanza kuchimba. Alichimba muda mrefu, mpaka mkono wote ukazama. Akatoa kiazi mwitu kikubwa kama mguu wa mtoto. Halafu akafanya jambo. Akakata kile kichwa cha kiazi, pale shina linapotokea, akakirudisha shimoni, akakifukia, akakanyaga udongo kwa kisigino.

Nikamuuliza Yona anafanya nini. Akasema kitaota tena. Nikauliza, kitachimbwa na nani? Akamuuliza mama yake, naye akajibu neno moja. Yona akasema, "Atakayepita."

Nilisimama pale na mikono yangu ya mkulima nikaona aibu. Kumbe nao walikuwa wanaweka mbegu, ila waliiweka ardhini, kwa ajili ya mtu wasiyemjua.

Yeyo akaketi chini na kuanza kusema. Alisema kwa muda, bila kupandisha sauti, na Yona ilimbidi anitafsirie, maneno ya mama yake yakipita kinywani mwa mume wangu kuja kwangu. Hakuna mzee aliyewahi kunikaripia kwa namna ile, si kabla wala baadaye.

"Anasema kosa la mahindi ni lake," Yona alisema, macho yake chini. "Hakujua. Angeambiwa asingegusa."

Akasikiliza tena.

"Anasema kwetu mtu akificha chakula hagombezwi. Watu wanaondoka tu. Wanamwachia chakula chake, akae nacho."

Nikasema nimekaa nacho. Nikasema nimekuja na unga. Yeyo akatikisa kichwa, si kwa hasira. Akaonyesha mbali, upande zinakotoka mvua, akaendelea. Bibi yake, alisema, hakukaa mahali mpaka majivu yapoe. Mama mzazi wa Yeyo ndiye aliyeanza kurudi pale pale kila mwaka, kwa sababu alivijua vichwa vya viazi alivyovifukia na alitaka kuona vimefikia wapi. Mwanzo alirudi kwa siku chache. Baadaye akawa anakaa mpaka mvua. Yeye Yeyo alikuwa amekaa kwenye kisima kile tangu Yona ananyonya, na bado kuna asubuhi anaamka miguu ikimwasha kwenda.

Akainuka, akatupeleka nyuma ya kibanda chake. Palikuwa na mabua ya mahindi, saba au nane, hayana mstari, yamekatwa vichwa na mbuzi wa wafugaji. Akayaonyesha haraka haraka, kama mtu anayeonyesha nguo yenye kiraka. Siku ile ya makande hakupika punje zote. Chache zilizodondoka alizifunga, baada ya kelele zangu, kwenye pembe ya shuka yake, kwa sababu alitaka kujua mimi huwa nazitunza ili iweje.

"Anasema sisi tumeanza kuvuka tangu mama yake, na bado tumo njiani," Yona akatafsiri. Kisha akayageukia yale mabua, na nilijua kilichobaki ni kigumu kwake. "Anasema wewe ulitaka nivuke kwa siku moja, tena kwa kusukumwa."

Niliporudi mlimani sikurudi naye. Nilimuuliza kama atakuja. Akasema, "Nitakuja. Lakini usinihesabie siku."

Alikuja mvua za vuli zilipoanza. Mimi nilikuwa nimeshaliondoa kufuli, na lile tundu la msumari kwenye mlango nikaliziba kwa udongo ili asilione. Safari hii nilimweleza habari ya mbegu, maneno yote, kuanzia mwanzo, kama nilivyopaswa kufanya siku ya kwanza. Alikaa miezi miwili, akaondoka bila kuaga. Akarudi na asali. Akakaa minne. Miaka mingi tuliishi hivyo. Watoto wakazaliwa, wakazoea kwamba kiangazi baba hayupo. Majirani walisema nimeolewa na upepo. Sikumuuliza anakwenda lini wala anarudi lini, na sikusema kwamba kila alipoondoka nililala upande wangu wa kitanda tu, ule wa kwake nikauacha kama ulivyo.

Halafu mwaka mmoja kiangazi kikafika, naye akabaki. Nilingoja wiki ya kwanza, ya pili. Niliogopa hata kulitaja, nisije nikamkumbusha. Nilimwona tu anapogoa kahawa, polepole, akiuliza kila tawi. Jembe hakulipenda mpaka mwisho, sitadanganya. Lakini hakuondoka tena.

Juzi juzi mjukuu wangu alikuwa ananisomea kitabu chake cha shule, habari za watu wa kale. Kiliandika kwamba zamani watu waliwinda na kuokota matunda, kisha wakaanza kulima. Nikamwambia arudie. Akarudia, akaendelea na mengine. Mimi nikabaki kwenye lile "kisha." Mwandishi amelipita kwa neno moja. Mimi nimelala kitandani na hilo "kisha" karibu miaka arobaini, na nakwambia ndani yake mna wanawake wengi wakisubiri mlangoni, na wanaume wengi wakitazama njia.

Sasa nikuambie kinachoniuma, maana yote niliyosema mpaka hapa ningeweza kuyasema na kanisani.

Mwishoni mwa mwaka jana usharika wetu uliandika waumini upya. Mzee wa kanisa alikuja na daftari lake, akaketi na sisi uwanjani, akauliza majina, watoto, ubatizo. Yona alikuwa ameanza kuumwa kifua, amejifunika blanketi. Mzee akamuuliza kabila. Yona akatabasamu, akanielekezea kidole.

"Andika Mdorobo," akasema. "Mke wangu ndiye aliyenipa."

Mzee wa kanisa akacheka. Nami nikacheka. Ulikuwa utani wa mtu mzima, bila uchungu, wala hakunitazama vibaya. Lakini mimi nilikuwa nimeamini miaka yote hiyo kwamba lile neno lilitoka pamoja na kufuli. Kumbe alikuwa nalo. Alilibeba kila kiangazi alipokwenda na kila mvua aliporudi, na siku aliyoamua kubaki, alibaki nalo. Mama yake alikufa bila kusikia nikimwomba radhi. Na pale uwanjani, mzee wa kanisa alipoondoka, nilikuwa na nafasi. Nilikuwa na siku hiyo, na wiki hiyo, na miezi mitano iliyofuata. Nilimpikia uji. Nilimkanda mgongo. Kila nilipofungua kinywa nikasema habari ya kuku au ya mvua.

Siku chache kabla hajafa aliniuliza jambo. Alisema kwao mtu akifa, watu wanahama. Wanaacha kibanda, hawalali tena mahali pale. Akauliza, "Nyinyi mtahama?"

Nikamwambia sisi hatuhami. Sisi tunakaa na watu wetu.

Akafikiri. "Basi nizikeni karibu na jiko," akasema, "nisikie mnapopika."

Tumemzika hapo, kati ya migomba na jiko. Na sasa, mwanangu, ni mimi ninayewaelewa watu wake. Watoto wangu wako Arusha mjini, wanapiga simu, wanasema mama njoo, nyumba ni kubwa, unafanya nini huko peke yako. Kuna asubuhi naamka nataka kuondoka na nguo nilizovaa, nisiyaone tena hayo meko. Mimi niliyezaliwa na kukulia hapa natamani kuhama, na yeye aliyekuja kwa kupita ndiye aliyetulia. Bado sijaamua. Nikiwasha moto naongea kidogo kwa sauti, nasema napika nini leo. Lile neno la kuomba radhi nimeshalisema pia, mara nyingi. Halijibiwi.

Basi nasaha yangu ni hii. Utaleta mtu nyumbani kwako siku moja, mke au mume au mkwe au mgeni wa kudumu, naye atakuwa ametoka kwenye maisha mengine. Usimcheke anapouliza jambo ambalo wewe ulilijua tangu utotoni. Mjibu. Usimtake afike leo mahali ambapo watu wako walifika kwa vizazi. Akienda na kurudi, mwachie mlango wazi, asikukute umekaa umenuna. Usimnyime chakula ili kumfundisha, maana atakachojifunza ni kukuacha. Na ukimwita jina baya, hata kama ulikuwa na haki ya kukasirika, kama nilivyokuwa nayo mimi, usingoje asahau. Hasahau. Mwambie angali anakusikia na kuweza kukujibu, hata kama sauti itatetemeka, hata kama umechelewa miaka arobaini. Mimi nilikuwa na miezi mitano nikaipoteza kwa habari za kuku.

Mungu akupe watu wa kukungoja pale unapochelewa, na akupe kifua cha kuwangoja wao. Akulainishie ulimi mapema. Na siku utakapobaki peke yako, maana mmoja hubaki, ubaki na kilio cha kumkosa tu, kisichochanganyika na kingine.